Wimbo ni Upepo, Usukani ni Moyo



Jioni moja kwaya yetu ilikuwa ikifanya mazoezi karibu na nyumba ya jirani yetu mmoja, mama wa Kiislamu, Mbajuni kutoka kisiwa cha Chula, kusini mwa Kismayo. Ngoma zinalia, kayamba zinajibu, vijana wamechangamka. Mama yule akaja polepole, akasimama pembeni mpaka wimbo ukaisha. Kisha akaniambia, "Mwanangu, nyimbo zenu ni nzuri. Lakini leo nimepigiwa simu, ndugu yangu amefariki kule nyumbani. Leo zinanichoma."

Tukanyamaza. Kijana mmoja akaninong'oneza, "Mwalimu, sisi tunamsifu Mungu, kwa nini tuache?"

Usiku ule sikulala vizuri. Siku zote tunasema muziki ni dawa. Kama ni dawa, kwa nini ulimjeruhi mama yule? Na mtu akijeruhiwa kwa wimbo, kosa ni la nani? La wimbo, la mwimbaji, au la msikilizaji?

Kwanza tukubali kwamba muziki una nguvu kweli, wala hauombi ruhusa kuingia. Unasikia ngoma, mguu unaanza kupiga chini kabla hujaamua. Pumzi hufuata mwendo wa wimbo. Watu wa pwani walilijua hili zamani. Mabaharia wakipandisha foromali na tanga la jahazi huimba ili mikono yote ivute kwa wakati mmoja. Bila wimbo kila mtu huvuta kivyake na tanga halipandi. Wabajuni wana kimai, nyimbo zao za bahari, na vave, nyimbo za wakulima wakati wa kuchoma msitu kuandaa shamba jipya. Kwao wimbo ulikuwa chombo cha kazi kama jembe na kasia.

Wataalamu wa tiba ya muziki wanasema jambo hilo hilo kwa njia yao. Baada ya Vita Kuu ya Pili, hospitali za Marekani zilizotibu askari ziliona kwamba muziki uliwasaidia majeruhi, na mwaka 1950 chama cha kitaifa cha tiba hiyo kikaundwa huko. Leo mgonjwa wa kiharusi aliyepoteza maneno huweza kufundishwa kuyatafuta tena kwa kuyaimba.

Lakini nguvu si wema. Upepo unaokufikisha bandarini ndio huo huo unaoweza kukutupa kwenye mwamba. Wengi wetu tuliotoka upande wa Maziwa Makuu tunalijua jina la Simon Bikindi, mwanamuziki wa Rwanda. Nyimbo zake zilipigwa kwenye redio RTLM wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Desemba 2008 mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu kifungo cha miaka 15. Tuangalie ilivyoamua. Ilikubali kuwa nyimbo zake zilitumiwa kuchochea chuki. Hata hivyo, kilichomtia hatiani ni maneno aliyoyatangaza kwa kipaza sauti akiwa garini, Juni 1994, akihimiza Watutsi wauawe. Aliyehukumiwa ni mtu, kwa kinywa chake mwenyewe.

Wengine wakiuona ubaya huo husema basi muziki uzimwe kabisa. Majirani zetu wa Kismayo waliyaona hayo. Mji wao ulikuwa chini ya Al-Shabaab kuanzia Agosti 2008 hadi mwishoni mwa Septemba 2012, na muziki ulipigwa marufuku. Kule Mogadishu, Aprili 2010, kundi la Hizbul Islam liliziamuru redio ziache kupiga muziki. Baadhi zikaweka milio ya risasi na sauti za mawimbi mahali pa nyimbo. Je, ukimya huo uliwafanya watu kuwa wema zaidi? Vita haikukoma. Kuchana tanga hakumfundishi nahodha kushika usukani.

Maandiko nayo yanatuonya tusidhani wimbo unatosha peke yake. Daudi alipopiga kinubi, Sauli alitulia (1 Samweli 16:23). Tunapenda kuishia hapo. Lakini tusonge mbele hadi sura ya 18, mstari wa 10 na 11. Daudi anapiga kinubi kama kila siku, na Sauli anamrushia mkuki. Mpigaji ni yule yule, msikilizaji ni yule yule. Kilichobadilika ni wivu uliokwisha kuingia. Muziki ulifungua mlango, lakini Sauli ndiye aliyechagua nani akae ndani.

Kwa hiyo namjibu kijana wangu hivi. Msikilizaji atajibu kwa moyo wake. Sisi waimbaji tutajibu kwa jinsi tulivyouelekeza wimbo wetu. Mithali 25:20 inamfananisha anayemwimbia mwenye huzuni na mtu anayemvua mwenzake nguo siku ya baridi. Daktari Ira Altshuler wa Marekani alifundisha katika miaka ya 1940 kwamba mgonjwa aanziwe na muziki unaolingana na hali yake, kisha usogezwe taratibu. Mwenye huzuni usimwanzie na shangwe. Keti naye kwanza pale alipo.

Jioni ile tulizifunika ngoma. Akina mama wawili wa kanisa walikwenda kukaa naye, bila kuimba. Siku ya tatu yeye mwenyewe alianza kuvumisha kwa sauti ya chini wimbo aliokuwa akiimbiwa na mama yake utotoni. Hawakuyajua maneno. Wakavumisha pamoja naye, na machozi yakamtoka kwa mara ya kwanza tangu simu ile.

Ndugu msomaji, kabla ya kupiga ngoma yako leo, umeuliza nani analia nyumba ya pili?

Maswali ya kuzungumza katika familia:
1. Ni wimbo gani uliwahi kukutuliza ukimbizini? Nani alikuimbia?
2. Je, kuna wimbo tunaouimba ambao unamdharau jirani wa kabila au dini nyingine? Tutaufanyaje?

Mungu awabariki.