Kijana Akichoka na Maisha, Imetupasa Kufanya Nini?

Tuseme kijana mmoja wa kijiji chetu anasoma shule ya sekondari mjini. Baba ameuza mbuzi, mama ameuza mihogo, ili apate fedha za masomo. Siku ya matokeo ya mtihani wa Serikali inafika. Wenzake wanamwagiwa poda nyeupe kichwani na kuimbiwa nyimbo barabarani. Jina lake yeye halimo. Anarudi kijijini, hali chakula, haongei na mtu. Siku ya tatu anamgawia mdogo wake nguo na madaftari yake, akisema, «Mimi sitavihitaji tena.»

Mjomba wake amelisikia neno hilo, na moyo wake umeshtuka. Lakini anawaza: «Nikimwuliza juu ya kifo, je, sitamtia wazo la kifo? Heri ninyamaze.» Je, mjomba huyo anafanya vema?

Hapana. Ananyamaza kwa upendo, lakini upendo unaonyamaza haumfikii mtu aliye gizani. Waganga wanaochunguza magonjwa ya akili wanatufundisha kwamba kumwuliza mtu waziwazi kama anawaza kujiua hakumtii wazo hilo. Kama limo, lilikwisha kuingia. Swali linampa nafasi ya kuutua mzigo aliouchukua peke yake. Wala jambo hili si la mbali. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 watu zaidi ya 720,000 walikufa kwa kujiua. Kati ya vijana wenye miaka 15 hata 29, hiyo ni sababu ya tatu ya vifo.

Tazameni Matendo ya Mitume, sura ya 16. Usiku, katika mji wa Filipi, nchi ilitetemeka na milango ya gereza ikafunguka. Mlinzi alidhani wafungwa wamekimbia. Kwa hofu na haya akataka kujiua. Paulo hakunyamaza. Alipaza sauti akamsihi asijidhuru, akamwarifu kwamba wote wangalimo. Aliitaja hatari yenyewe, kisha akamwonyesha kwamba hayuko peke yake. Na usiku uleule mlinzi yule alibatizwa pamoja na jamaa yake yote. Saa mbaya hupita, ndugu zangu. Mtu akisaidiwa kuivuka, aweza kuishi miaka mingi.

Mkumbukeni tena nabii Elia, katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Mtu wa Mungu alichoka, akaketi chini ya mti jangwani, akaomba afe. Je, malaika alimkaripia? Sivyo. Alimwamsha ale mkate na kunywa maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Baadaye ndipo Mungu alipomwuliza habari zake. Basi kuchoka kwa roho si dalili ya mtu asiye na imani.

Wengine watauliza: «Je, kujiua si dhambi kubwa?» Kanisa linafundisha kwamba uhai ni wa Mungu, sisi ni walinzi wake tu. Fundisho hilo halikubadilika. Lakini ubaya wa tendo ni neno moja, na hukumu ya mtu ni neno lingine. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima maziko ya Kanisa waliojiua kwa kusudi. Sheria ya mwaka 1983 haina tena katazo hilo. Katekismu ya mwaka 1992 inaeleza kwamba ugonjwa wa akili au hofu kuu vyaweza kupunguza hatia, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa watu hao. Kwa hiyo Mkristu asiwatukane waliofiwa, wala asimtishe kwa moto wa milele kijana anayeteseka. Vitisho humfanya ajifiche zaidi.

Sasa, imetupasa kufanya nini?

Kwanza, tumwulize faraghani, kwa upole: «Mwanangu, je, umewaza kujiua?»

Pili, tumsikilize bila kumkaripia, wala kumwambia kwamba wengine wanateseka kuliko yeye.

Tatu, tusimwache peke yake, na vitu vya hatari viondolewe nyumbani.

Nne, tusiifiche siri hiyo. Rafiki yake aliyeapishwa asiseme, kiapo hicho hakimfungi. Heri mwenzake amkasirikie, naye yu hai. Ampashe habari mzazi, mwalimu, katekista au padri, na kijana apelekwe kwa mganga wa kituo cha afya. Kusali ni kwema. Lakini aliyevunjika mguu twamwombea, na kwa mganga twampeleka.

Tano, sisi wazazi tuangalie ndimi zetu. Mbuzi wameuzwa, wengine watazaliwa. Mtihani hurudiwa mwaka ujao. Kijana asisikie kamwe kinywani mwetu kwamba thamani yake ni cheti.

Na wewe, kijana, unayesikia haya nao moyo wako ni mzito: usingoje kuulizwa. Mwendee leo hii mtu mmoja unayemwamini, umwambie yaliyomo moyoni. Si aibu, Elia naye alichoka.

Basi mjomba yule na aondoke kando ya moto, aende kuketi karibu na mpwa wake nyuma ya nyumba. Amwulize. Tena amwambie kama Paulo alivyomwambia mlinzi, kwamba sote tungali hapa.