Ndege wa Ziwa Nakivali na Wajibu wa Mpita Njia



Ndugu zangu wasomaji, swali ninalolileta katika toleo hili sikulipata darasani. Lilinikuta shambani kwa mama, huko Nakivale, nikiwa na jembe mkononi. Mtu ambaye hajui kama mwakani atakuwepo, ana wajibu gani kwa mahali anapoishi leo?

Sisi ni watu wa Uvira. Tulipofika Nakivale tulipewa, kama wengine, kipande cha ardhi cha kujenga na kulima. Chetu kinateremka kuelekea Ziwa Nakivali. Maharage yanapoishia pana ukanda wa nyasi na mafunjo, kisha tope, kisha maji. Mgao wa chakula ulipopunguzwa, baadhi ya majirani walianza kuulima ukanda huo, kwa sababu udongo wake ni mweusi na una unyevu hata mvua ikichelewa. Wikiendi moja ya Septemba nilitoka Mbarara kwenda kusaidia kupanda. Mama akanionyesha mafunjo, akasema, "Baba, safari hii tushuke mpaka kule chini."

Nikashuka. Pale topeni walikuwa wametua ndege wadogo, labda thelathini, wakikimbia huku na huku na kudonoa haraka haraka kama sindano ya cherehani. Nikasimama.

Ndege hao nilikuwa nawafahamu. Nilipokuwa sekondari tulipelekwa kutembelea Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo. Sote tulitaka kuona pundamilia, lakini kiongozi aliyetutembeza alitupa darubini yake tuangalie ukingo wa ziwa. Alituambia kwamba baadhi ya vindege tunavyoviona pale vimeanguliwa kaskazini ya mbali, katika nchi za Aktiki, mahali ambapo jua la kiangazi halizami usiku. Tukacheka. Tulidhani anatania.

Hakuwa akitania. Vitabu vya ndege huwaita chamchanga, na aina zao ni nyingi. Mdogo kuliko wengi, ambaye jina lake la kisayansi ni Calidris minuta, ana uzito wa gramu 20 hadi 30 hivi, sawa na vijiko viwili vikubwa vya sukari. Hutaga mwezi Juni, kwa kawaida mayai manne, chini kabisa ardhini, katika nchi isiyo na miti kuanzia kaskazini ya Norwei hadi Siberia. Kiangazi cha huko ni kifupi. Wakubwa huanza kuondoka Julai. Makinda hufuata baadaye, Agosti na Septemba, bila wazazi wao kuwaonyesha njia. Kwetu Afrika Mashariki huanza kuonekana mwishoni mwa Agosti, na wengi hubaki hadi Aprili, wengine hadi Mei. Mbayuwayu wa Ulaya, tunaowaona wamejipanga kwenye nyaya za umeme mjini Mbarara, nao wana kalenda inayofanana na hiyo. Ukihesabu miezi, chamchanga hukaa kaskazini miezi miwili au mitatu tu. Iliyobaki yuko njiani au yuko kwetu.

Katika Surat Ta-Ha, aya ya 50, Nabii Musa (a.s.) anamjibu Firauni kwamba Mola wetu ndiye aliyekipa kila kitu umbo lake kisha akakiongoza. Kila nikifikiria kinda la gramu ishirini na kitu linaloondoka Aktiki peke yake na kufika topeni kwa mama, naielewa aya hiyo zaidi kuliko nilivyoielewa nilipoihifadhi kwa ajili ya mtihani.

Lakini siandiki ili tustaajabu tu. Jioni ile nilimpigia simu yaya wangu, ndugu yangu mkubwa. Yeye na mkewe walipata nafasi ya kuhamishiwa Norwei, na sasa wanaishi Vadsø, mji mdogo wa kaskazini kabisa, kwenye bahari ya Aktiki. Mwezi Juni alikuwa amenitumia video aliyoirekodi saa sita ya usiku. Jua linawaka, na vindege vya jamii hiyo hiyo vinakimbia ufukweni. Alisema kwa utani, "Ndege wenu wamefika huku." Safari hii nilipomweleza kuhusu lile tope, hakutania. Alisema, "Mdogo wangu, lima mpaka majini. Faili lenu liko mezani, inshallah mtaondoka. Ardhi hiyo si yenu. Utamtunzia nani?"

Hoja ya yaya si ya kipuuzi, na si yake peke yake. Nakivale utaisikia kila mahali. Kuna anayekata mti asipande mwingine, na kuna anayeacha takataka mtaroni, na jibu lao ni moja: sisi hapa tunapita tu. Wakati mwingine hoja hii huvaa hata kanzu ya dini. Tumefundishwa, katika hadithi aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Ibn Umar (r.a.), tuwe duniani kama wageni au wapita njia. Basi mtu husema: ikiwa dunia nzima ni njia, kwa nini nihangaike na ukingo wa ziwa la wenyewe?

Nilirudi Mbarara na swali hilo, nikaenda nalo hadi kwenye hadithi nyingine, iliyo katika mkusanyiko wa Tirmidhi. Humo Mtume (s.a.w.) anajifananisha na msafiri aliyepumzika chini ya kivuli cha mti, kisha akaondoka akauacha. Nimeisikia hadithi hii katika hotuba nyingi za Ijumaa, na kila mara mkazo huwekwa kwenye kuondoka. Siku hiyo kwa mara ya kwanza nilimtazama mti mwenyewe. Msafiri ameondoka, na mti umebaki umesimama. Hakuukata ili apate kuni za safari. Hakuuona hauna thamani kwa kuwa hatarudi tena. Mfano mzima wa kuipa dunia mgongo umejengwa juu ya mti ambao msafiri mwingine ataukuta na kivuli chake.

Tazameni pia sheria yetu inavyomshughulikia msafiri. Inampunguzia rakaa, lakini haimsamehe swala. Inamruhusu kuchelewesha saumu, lakini siku zile anadaiwa. Safari inabadilisha namna ya kutimiza wajibu, na wajibu unabaki pale pale. Na katika hadithi iliyo kwa Abu Daud tumeonywa tusijisaidie mahali patatu panapoleta laana: penye maji yanayotumiwa na watu, katikati ya njia, na kivulini. Ni mahali pa wapita njia! Mwenye nyumba ana kisima chake na kivuli chake. Anayeumia maji, njia na kivuli vikiharibiwa ni yule asiye na chake, yule anayekuja nyuma yako ambaye hutamjua jina.

Hapo ndipo nilipowaelewa wale ndege. Chamchanga hana mahali pa kudumu popote. Kabla ya kurudi kaskazini hula wadudu na vijidudu vya matopeni mpaka ajaze mafuta mwilini, na baadhi ya ndege wa jamii yake hukaribia kufikia uzito maradufu kabla ya kuruka. Kituo kimoja kikikauka, safari inakatika, hata kama Aktiki yote ni salama. Yaya anaweza kuwatazama Vadsø mwezi Juni kwa sababu watu wa maziwa na mabwawa ya huku, ambao hawataiona Norwei maishani mwao, hawakulilima tope lote. Mpita njia huishi kwa amana ya watu waliokataa kusema, "Utamtunzia nani?"

Na mahali petu ni kituo kinachojulikana. Mwaka 1971, katika mji wa Ramsar nchini Iran, nchi mbalimbali zilikubaliana kulinda ardhi oevu, hasa zile wanazozitegemea ndege wa majini. Mwaka 2006 eneo la maziwa ya Mburo na Nakivali liliingizwa katika orodha ya mkataba huo. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 nazo zinalinda kingo za mito na maziwa. Lakini nakiri kwamba siku ile sikuwa naifikiria sheria. Nilikuwa namfikiria mama.

Kwa sababu mama aliniuliza swali ambalo vitabu vyangu havikunipa jibu lake la haraka. Alisema, "Nimekusikia, mwanangu. Sasa hilo tope la ndege lingetupa madebe mangapi ya maharage? Na mwezi wa Januari utawaambia nini wadogo zako?"

Hapa ndipo wengi wetu tunaoandika juu ya mazingira tunapoteleza. Tunamhubiria mwenye njaa wakati sisi tumeshiba. Fiqhi haifanyi hivyo. Inasema dharura huhalalisha yaliyokatazwa, na nafsi ya binadamu ina haki kubwa kuliko tope. Kama ukanda ule ungekuwa ndio chakula pekee cha wadogo zangu, ningeulima, na naamini nisingekuwa na dhambi. Lakini kanuni hiyo ina pacha wake tunayemsahau: dharura hupimwa kwa kiasi chake. Haikupi ruhusa ya zaidi ya kile inachokulazimisha. Basi tukakaa, mama na mimi, tukapima. Upande wa juu wa shamba, karibu na barabara, palikuwa na sehemu ya mawe ambayo hatujawahi kuilima kwa sababu ni kazi ngumu. Tope lilikuwa rahisi zaidi. Urahisi si dharura.

Tuliacha hatua ishirini kutoka majini. Nilitumia wikiendi tatu kuondoa mawe kule juu, na nauli yangu ya taksi ya mwezi mzima ikaishia humo. Sitawadanganya kwamba tulivuna sawasawa. Sehemu ya mawe ilitoa kidogo, na Januari tulinunua maharage. Mama hakulalamika, ila alipoyapima sokoni alinitazama, na nilijua anahesabu zile hatua ishirini.

Nilipomuuliza baadaye kwa nini alikubali, hakutaja ndege wala hadithi niliyomsomea. Alisema, "Hapa kabla yetu walikaa Wanyarwanda." Ni kweli. Nakivale iliwapokea wakimbizi wa Rwanda tangu miaka ya mwisho ya 1950 na mwanzo wa 1960, na wengi wao walirudi kwao baada ya 1994. Wamekuja Wasomali, Warundi, na sisi Wakongo. Kwa zaidi ya miaka sitini kila aliyeshuka kwenye lori hapa amedhani anapita tu. "Nao walidhani wataondoka," mama akasema, "na wakaondoka. Lakini tulipofika, maji tuliyakuta."

Ndugu zangu wa Mbarara, msidhani habari hii ni ya kambini peke yake. Mto Rwizi unapita katikati ya mji huu tunaosomea, kisha unateremka kuelekea maziwa yale yale. Nasi hapa ni wapita njia: miaka mitatu, shahada, kwaheri. Chupa unayoitupa mtaroni nyuma ya hosteli kwa kuwa mwakani hutakuwepo, inaelekea kwa mtu aliyepo. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tumekwisha kupewa jembe. Sasa tujue pia mahali pa kulisimamisha.

Tumefundishwa, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Hakuna sharti kwamba mpandaji awepo siku ya kuliwa. Faili letu bado halijajibiwa. Aprili ndege waliondoka, tope likabaki tupu. Sijui Septemba ijayo watatukuta au watakuta watu wengine. Mafunjo, inshallah, watayakuta.

Wallahu a'lam.