Je, Twaweza Kusema Tumeiona?

Amri ya nane twafundishwa tungali watoto wa kipaimara, nayo yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Wengi wetu tumeiweka pamoja na mambo ya baraza na ya mahakama, tukidhani ya kuwa mtu asiyeapa kwa uongo wala kumsingizia mwenzake amekwisha kuitimiza. Mwezi huu twataka kuuliza swali moja juu yake, ambalo limetusumbua tangu tulipopanda chombo baharini kwenda kuitazama nuru ya kaskazini. Swali ni hili: mtu akiwaonyesha watu picha ya kweli ya jambo, ambalo macho yake mwenyewe hayakuliona vile, je, amewashuhudia kweli?

Yatupasa kwanza kuieleza nuru yenyewe. Mji wa Tromsø uko mbali sana kaskazini katika nchi ya Norwei. Tangu mwisho wa Novemba hata katikati ya Januari jua halichomozi huko, na tangu Mei hata Julai halichwi. Walakini bahari yake haigandi, kwa kuwa mkondo wa maji ya uvuguvugu hupita pwani hiyo ukitoka katika Atlantiki. Kwa hiyo vyombo husafiri hata katika baridi kuu. Sasa, jua hutupa daima chembe ndogo sana zenye nguvu ya umeme, nazo zikiifikia dunia huongozwa na nguvu ya sumaku iliyo katika dunia, hata pande za ncha zake, kaskazini na kusini. Huko juu, yapata kilomita 100 na zaidi, huigonga hewa nyembamba, na hewa ikigongwa hutoa nuru: oksijeni hutoa kijani, na mahali pa juu zaidi nyekundu, naitrojeni hutoa buluu na zambarau. Usiku mmoja nuru hiyo yaweza kulijaza anga, na usiku wa pili isionekane hata kidogo. Wala hakuna mwanadamu awezaye kuiita.

Mwezi wa Februari mwaka 2024 tulikuwa wageni wa usharika mmoja wa huko, na wenyeji wetu kwa ukarimu wao wakatulipia nafasi katika chombo kiwachukuacho wageni usiku kwenda kuitafuta. (Bei tuliiona imeandikwa dirishani, nayo ilipita mshahara wa mwezi mmoja wa mwinjilisti wetu. Jambo hilo lastahili makala yake lenyewe.) Tulivikwa mavazi mazito ya namna moja, yafunikayo tangu shingo hata miguu, hata mtu asiweze kumtambua mwenzake. Kabla kamba hazijafunguliwa, kiongozi wa safari, mwanamke kijana, alisimama akatuonya kwa maneno ambayo, kama tungaliyashika, yangalituokoa. Alisema ya kuwa nauli yetu ni ya chombo na mafuta na chai ya moto, wala si ya nuru. Na ya kuwa nuru ikitokea hafifu, kamera yake itaiona kabla ya macho yetu.

Tukaingia katika hori mojawapo, maana nchi ile imekatwakatwa na mikono ya bahari ipitayo katikati ya milima. Taa za mji zilipokwisha kufichwa nyuma ya mlima, nahodha akazima injini. Tukangoja saa moja, tukangoja na ya pili. Mawingu yalikuwa mengi, na wengine walishuka chini penye joto. Ndipo mawingu yakapasuka upande mmoja, na katika pengo lile tukaona kitu cheupe, mfano wa moshi wa jikoni upenyao katika paa la nyasi alfajiri ukalala juu ya migomba. Tulidhani ni wingu jembamba lililobaki. Yule kiongozi akainua kamera yake, akaiacha wazi sekunde chache, akatuonyesha kioo chake: kijani kibichi kama jani changa la mgomba, na chini yake ukingo wa zambarau. Watu wakapiga kelele za furaha, nasi tukapiga kelele pamoja nao. Lakini kelele zetu zilikuwa kwa ajili ya kioo kile. Huko juu tuliendelea kuona moshi. Kisha akatupiga picha sote tukiwa tumeupa ule moshi kisogo, akatumulika nyuso kwa taa kitambo kidogo, na siku ya pili tukaletewa picha hiyo katika simu.

Tuliporudi nyumbani, vijana wa kwaya waliikuza ukutani baada ya ibada. Usharika ulistaajabu sana. Mama mmoja mzee, mjane wa mwinjilisti wetu wa zamani, ambaye hajapata kutoka katika wilaya hii, alitushika mkono mlangoni akauliza, “Baba Mchungaji, ilikuwa hivyo kweli?” Nasi tukajibu, “Ndivyo, Mama, ilikuwa hivyo hivyo.” Akasema, “Bwana asifiwe,” akashika njia ya kwake.

Usiku ule hatukulala vema.

Mtetezi angeweza kusema mengi kwa ajili yetu, nasi tulijitetea kitandani kwa bidii kuliko wakili. Kwanza, nuru ilikuwapo kweli. Rangi ile ya kijani hakuipaka mtu yeyote. Ni rangi ya oksijeni kama Muumba alivyoiweka. Jicho la mwanadamu ndilo lililopungukiwa, kwa maana gizani sehemu ya jicho itambuayo rangi huwa kama imelala, na ile ibakiyo macho haijui ila weupe na weusi. Kila mtu amekwisha kuliona jambo hili nyumbani: usiku usio na taa kanga nyekundu na kanga ya kijani zikianikwa pamoja kambani, hakuna awezaye kuzitenga. Wala asubuhi hatusemi ya kuwa rangi zao ndipo zilipoumbwa. Tena jicho halina akiba. Nuru ya sasa hivi huiona sasa hivi, basi. Kamera huweka sekunde hii juu ya sekunde ile, hata kilicho hafifu kikawa kingi.

Zaidi ya hayo, kamera imeitumikia kweli katika jambo hili hasa. Mwalimu mmoja mtu wa Denmark, Sophus Tromholt, alikaa Kautokeino katika majira ya baridi ya mwaka 1882 hata 1883 akiichunguza nuru hii. Alijaribu kuipiga picha asipate kitu. Macho yake yaliiona ikicheza mbinguni, na kioo chake kikabaki kitupu. Hata mwaka 1892 Mjerumani Martin Brendel akafaulu kuinasa, mahali paitwapo Bossekop. Na mwaka 1910, papo hapo Bossekop, bingwa wa hesabu wa Norwei, Carl Størmer, alipiga picha kutoka mahali pawili kwa dakika moja, watu wakiambiana kwa simu ya waya, na kwa kuzilinganisha na nyota akaupima urefu wa kwenda juu wa nuru ile, jambo ambalo watu walikuwa wamelibishania siku nyingi. Basi ajabu ni hii, ya kuwa siku za Tromholt jicho liliona kilichoishinda kamera, na siku zetu kamera huona kiishindacho jicho. Nani atasema ya kuwa picha ni mwongo?

Hatusemi hivyo. Picha haikusema uongo. Lakini yule mama hakuiuliza picha, alituuliza sisi. Hapo ndipo utetezi wetu wote ulipovunjika. Iko kweli ya kitu, na iko kweli ya shahidi, nazo si moja. Mtaalamu akiulizwa kitu kilikuwaje, na aseme kijani, naye amesema vema. Shahidi akiulizwa, haulizwi habari za oksijeni. Aulizwa ni nini kilichoyafikia macho yake. Akijibu kwa kuazima macho ya chombo, na asiseme ya kuwa ameazima, amejivika utukufu usio wake, hata kama neno lake halina kosa lolote kitabuni.

Wengine watasema ya kuwa amri yahusu kumdhuru jirani, na ya kuwa mama huyu hakudhurika. Alifurahi, akamsifu Mungu. Twaona ya kuwa alidhurika, tena sana. Mama huyu hana njia ya kwenda Tromsø. Njia yake pekee ni kinywa cha mchungaji wake. Kinywa hicho hicho Jumapili humwambia habari za kaburi lililokuwa wazi, na za Tomaso, na za wale ambao Mtume Yohana, mwanzoni mwa waraka wake wa kwanza, awataja kuwa waliona na kusikia na kugusa. Mchungaji hana vinywa viwili, kimoja cha safari na kimoja cha mimbari. Tukiongeza rangi katika jambo dogo ambalo hawezi kulipima, atatusadiki kwa nini katika jambo kubwa ambalo hawezi kulipima vilevile?

Na hapa tuseme wazi, kwa kuwa ugonjwa huu si wa safari tu. Katika mikutano yetu ya uamsho twasikia shuhuda nyingi. Ndugu aliyekuwa mnywaji wa kadiri hujifanya alikuwa amelala mtaroni kila siku. Dada ambaye homa yake ilimwacha pole pole kwa dawa na maombi husema iliondoka mara moja alipowekewa mikono. Moyoni mwake adhani ya kuwa amemtukuza Mungu, maana uponyaji ulikuwa wa Mungu kweli, naye ameuonyesha tu katika rangi yake kamili. Tumewahi kuyasikia haya tukanyamaza, hata tumewahi kuyaandika. Nabii Ezekieli hakufanya hivyo. Katika sura yake ya kwanza aeleza wingu kubwa litokalo kaskazini, lenye moto na mwangaza. Hatusemi ya kuwa ndiyo nuru hii, bali mtazame jinsi asemavyo. Kila mara aweka neno la kufananisha, kama mtu apimaye nafaka kwa hofu asizidishe. Hasemi ya kuwa ni kitu fulani, asema kilifanana na kitu fulani. Na hakuna nabii aliyeonyeshwa mambo ya ajabu kuliko yeye.

Tena tulipolifikiri zaidi tuligundua hasara nyingine, nayo yatuaibisha. Kwa kumpa mama yule picha, tulimnyima tulichokiona sisi. Maana tuliona kitu. Ule moshi ulikuwa ukienda. Ulijikunja polepole kama pazia mtu apitapo nyuma yake, ukafifia, ukawaka tena mahali pengine, na hayo yote pasipo sauti, hata maji yakigonga ubavu wa chombo yalisikika kama kelele. Picha haina mwendo huo; sekunde zake zimelaliana zikawa kitu kimoja kilichosimama. Na tungaliona zaidi kama tungalikuwa na subira. Jicho lahitaji yapata nusu saa gizani ili lizoee, na sisi tuliotazama vioo vya simu kila mara tulijipofusha wenyewe. Alikuwako bibi mmoja mzee aliyekaa omoni, mikono mfukoni, asiye na simu wala kamera. Tuliposhuka bandarini alituambia ya kuwa mwishowe alikiona kijani, kidogo tu, kwa macho yake. Hatuna sababu ya kutomsadiki.

Juma lililofuata tulikwenda nyumbani kwa yule mama. Tulimkuta akichambua maharage uani, akatupa kigoda. Tukamwambia ya kuwa Jumapili tulimjibu vibaya, ya kuwa picha ni ya kweli lakini sisi hatukuiona hivyo, na ya kuwa machoni petu ilikuwa nyeupe kama moshi. Alinyamaza kitambo, mikono yake ikiendelea na kazi. Kisha akauliza, “Moshi wa kuni mbichi, au wa kuni kavu?” Tukafikiri, tukajibu ya kuwa wa kuni kavu, maana ulikuwa mwepesi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, akataka kujua kama uliinuka au ulilala, na kama mtu aliweza kuona nyota katikati yake. Nyota zilionekana, tukamwambia. Hilo tulikuwa tumelisahau mpaka alipouliza.

Akaomba aione picha mara nyingine. Tukamfungulia simu, akaitazama muda mrefu, akiisogeza karibu na uso wake. Halafu akauliza ni nani kati ya wale watu wa mavazi mazito aliye mchungaji wake, nasi ilitubidi kutafuta kidogo kabla ya kumwonyesha.