Kizuizi Kisichoonekana

(Somo: Waebrania 12:1–3)



Mtu asimamaye jioni pwani ya Mikindani huona ngalawa zikirudi kutoka baharini. Wavuvi hutua tanga kabla ya kufika mchangani, walakini ngalawa haisimami papo hapo. Huendelea kuteleza, ingawa upepo hauisukumi tena. Ni maji yaizuiayo hata isimame. Na kama mwani na vidudu vya magamba vimeganda chini yake, husimama upesi zaidi.

Mwingereza Isaac Newton aliieleza kanuni hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1687, ya kuwa kitu kiendacho huendelea kwenda, kwa njia iliyonyoka, mpaka nguvu nyingine ikizuie au ikigeuze. Jiwe tulitupalo huanguka, si kwa kuwa limechoka, bali kwa kuwa dunia yalivuta na hewa yalizuia.

Tazameni jambo lililotendeka kaskazini ya pwani yetu hii. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililo baharini karibu na Malindi. Ilichukua chombo cha kuchunguza nyota, nacho kikaitwa Uhuru. Roketi ilipokwisha kukitupa, hakikuhitaji kusukumwa tena. Kilikwenda juu, zaidi ya kilometa 500, kikiizunguka dunia kwa dakika 96 hivi. Dunia ilikivuta daima. Lakini kwa kuwa mwendo wake ulikuwa wa kasi mno, na dunia ni mviringo, kilianguka pasipo kuifikia nchi.

Basi, ni nini kilichokishusha? Si jiwe, wala si dhoruba. Hata huko juu imo hewa kidogo, nyembamba mno. Hewa hiyo ilikipunguzia nguvu siku kwa siku, kikashuka kidogo. Na kila kiliposhuka, kilikuta hewa nzito zaidi, na kushuka kukazidi. Mwaka 1979 kikateketea.

Ndugu, wengi wetu hatukumkana Bwana kwa kinywa. Hatukufanya dhambi iliyojulikana na usharika wote. Ni sala ya asubuhi tu, iliyoachwa kwa haraka ya kazi. Ni neno chungu juu ya jirani, lisiloombewa msamaha. Ni Jumapili moja, kisha ya pili. Hewa nyembamba! Nawe ukiisha kushuka mara moja, mara ya pili yawa rahisi. Nanyi waalimu, jihadharini. Mtu aweza kuwafundisha watoto Katekisimo kila juma, na huku moyo wake washuka.

Mvuvi mwenye akili huipandisha ngalawa yake mchangani, akaikwangua. Nasi yatupasa kujichunguza vivyo hivyo kila siku. Walakini tusidhani ya kuwa tutajiinua wenyewe. Chombo kile hakikuweza kujiinua, wala hakuna aliyetumwa kukiinua. Lakini sisi tunaye. Yeye aliyetuita katika Ubatizo hakutuacha. Alishuka mwenyewe hata mautini, mahali tulipoangukia, akafufuka. Basi kutubu si kupanda kwa nguvu zetu, bali ni kuushika mkono wake ulionyoshwa. Tuushike leo, tusingoje kesho.

Amina.