Bahari Huuliziwa Kabla ya Safari

Familia moja ya Dodoma ilidunduliza fedha mwaka mzima ili iwapeleke watoto pwani. Baba alikuwa mtumishi wa serikali, mama muuguzi. Watoto walikuwa watatu: binti wa miaka 17 aliyekuwa kidato cha tano, mvulana wa miaka 15 asiyejua kukaa kitako, na kitinda mimba wa miaka 13 aliyejifunza kuogelea kwenye bwawa la hoteli mjini. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulala ufukweni. Walipanga safari iwe likizo ya Juni, na mahali wakapachagua kama wengi wetu tunavyochagua, kwa picha. Ilikuwa picha ya hoteli ndogo pwani ya mashariki ya Unguja: maji ya samawati yamefika hadi ngazi za baraza, mnazi umeinamia bahari. Kwa kuwa mama alitamani na mbalamwezi, baba alitafuta kwenye kalenda tarehe za mwezi mpevu, akalipia usiku nne.

Makosa yote ya safari ile yalikwisha kufanyika siku hiyo, kabla hata mabegi hayajafungwa.

Walipanda treni hadi Dar es Salaam, kesho yake wakavuka kwa boti. Kusi lilikuwa limekaza, na binti alitapika tangu boti ilipotoka bandarini hadi ilipotia nanga. Walipofika hotelini jua lilikuwa linakaribia kuzama, na maji bado yako karibu na ngazi, kama picha ilivyoahidi. Wote walilala kwa furaha.

Asubuhi walikunywa chai taratibu, wakachukua miwani ya kupigia mbizi waliyokodi, wakateremka saa nne. Bahari haikuwepo. Mbele yao palikuwa na uwanda wa mchanga mbichi, madimbwi, majani ya baharini, na ngalawa zimelala ubavu. Mawimbi yalionekana kama mstari mweupe kwenye mwamba, zaidi ya kilomita moja kutoka walipokuwa wamesimama. Mhudumu aliwaambia wasubiri hadi alasiri. Alasiri maji yalirudi kweli, lakini upepo ulikuwa umepanda, maji yamevurugika, na eneo lote la mbele limejaa watu wanaocheza kaiti, ubao miguuni na tiara kubwa angani. Papasi mmoja, mtembeza watalii wa ufukweni, aliwauzia vijana saa moja ya mafunzo ya mchezo huo. Saa nzima ikaishia mchangani, wakifundishwa kuishika tiara isiwaburute, maana mchezo huo haufundishiki kwa saa moja. Unahitaji siku kadhaa.

Siku ya pili wazazi walibaki barazani kupumzika. Vijana wawili wa kiume walichoka kusubiri, wakaamua kuifuata bahari huko ilikokwenda. Walikwenda pekupeku. Walipita mashamba ya mwani, mistari ya kamba iliyofungwa kwenye vijiti, na wanawake wameinama wakifunga mbegu na kuvuna, maji yakiwafika kwenye magoti. Wakaendelea mbele hadi karibu na mwamba, wakaanza kuokota makombe.

Maji yakageuka. Mtu wa bara hudhani bahari ikirudi hutanguliza wimbi, nawe utaliona likija. Katika ufuko wenye mwamba haiko hivyo. Maji huingia kwanza kupitia milango ya mwamba, yakajaza mikondo na mabonde yaliyo kati yako na nchi kavu, huku pale uliposimama bado yako kwenye vifundo vya miguu. Mama mmoja wa mwani, ambaye wenzake walikuwa wameshaanza kutweka magunia kichwani, aliwaona.

“Nyie wanangu! Rudini, maji yanaingia!”

Walimpungia mkono, wakaendelea kuokota. Akaweka gunia lake chini kwenye fungu la mchanga, akawafuata. Alipowafikia, mkondo waliouvuka kwa kulowesha miguu ulikuwa umeshamfika mdogo kifuani, na mkubwa alikuwa amekanyaga mdudu mweusi wa baharini mwenye miiba mirefu, mguu hautui chini. Alimshika mdogo kifundo cha mkono, akamwambia mkubwa amshike bega, akawazungusha kwa njia ndefu ya fungu la mchanga alilolijua yeye. Baba aliwakuta ufukweni, akitweta.

“Shikamoo mama. Sijui nikushukuru vipi.”

“Marahaba, mwanangu. Hawa ni wako?”

“Ni wangu, mama.”

“Maji hamkuyaulizia?”

“Tulidhani bahari ni hii hii siku zote.”

“Hii bamvua, baba. Maji yanatoka mbali, na yakirudi yanarudi mbio. Sisi ndizo siku zetu za kazi hizi. Mngekuja maji mafu, watoto wangeoga hapa hapa mbele yenu, asubuhi nzima.”

Mama mtu, kwa kuwa ni muuguzi, aliuloweka mguu wa mwanawe kwenye maji ya moto ya kuvumilika, akaichomoa miiba kwa kibanio mmoja mmoja. Kijana alimaliza likizo kitandani. Lakini wote watano walirudi Dodoma wakiwa hai, na hilo ni deni kwa mwanamke ambaye hata jina lake hawakupata kulijua.

Funzo la kisa hiki limo katika maneno yake. Pwani ya Afrika Mashariki hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa unaandama, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na huko Unguja tofauti kati ya juu na chini hufikia karibu mita 4. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, na tofauti hiyo hupungua sana. Tena siku za bamvua, maji ya Unguja hupwa kabisa panapo saa nne asubuhi na kujaa panapo saa kumi alasiri. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi. Familia ile ingesogeza safari kwa wiki moja tu, hoteli ile ile, fedha zile zile, ingeamka na kuikuta bahari mlangoni. Wakulima wa mwani huipanga kazi yao kwa kuutazama mwezi huo huo ambao baba aliutazama kwa ajili ya mbalamwezi.

Baada ya maji, kuna upepo. Kusi huvuma kuanzia Aprili na hukaza Juni hadi Agosti. Kaskazi hushika zamu kuanzia Desemba hadi Machi. Katikati, hasa Oktoba na Novemba, huja matlai na bahari hutulia. Likizo ndefu za shule huangukia ndani ya pepo hizo: Juni ya Tanzania na Agosti ya Kenya ni za kusi, Desemba ni ya kaskazi. Kwa hiyo mzazi mwenye watoto wa sekondari hana uhuru wa kuchagua majira. Uhuru alio nao ni wa kuchagua ufuko unaoelekeana na majira aliyopewa, na autumie vizuri.

Kama vijana wako wanataka kuogelea saa yoyote, Nungwi na Kendwa, kaskazini mwa Unguja, ndiko maji hayakimbii mbali, na Kendwa inatazama magharibi, hivyo kusi halipigi moja kwa moja. Kama wanataka kaiti, basi Paje na Jambiani za pwani ya mashariki, zinazomchosha muogaji, ndizo zinazomfaa mwanafunzi wa kaiti: upepo wa kusi, maji ya kina kifupi, mwamba unaozuia mawimbi. Mlipie kijana mafunzo ya siku kadhaa kwa mwalimu mwenye chuo chake, wala usimtafutie saa moja ya kuonjeshwa. Kama wanataka kuona matumbawe na samaki, kisiwa cha Chumbe kiko upande wa magharibi wa Unguja, na matumbawe yake yamekuwa yakihifadhiwa tangu miaka ya 1990. Mafia ina hifadhi ya kwanza ya bahari Tanzania, iliyoanzishwa 1995. Ila anayekwenda Mafia kwa ajili ya papa potwe ajue kwamba msimu wao wa kuonekana karibu na Kilindoni ni takriban Oktoba hadi Machi. Kumpeleka mtoto Juni kwa ahadi ya kuogelea na papa potwe ni kumpa ahadi usiyoweza kuitimiza.

Ziko sehemu ambako maji kupwa ndiyo neema. Mbele ya pwani ya Pangani, Tanga, kuna Maziwe, fungu la mchanga ambalo zamani lilikuwa kisiwa chenye miti. Sasa huonekana maji yakipwa, na maji makubwa yakijaa humezwa. Ukienda saa isiyo yake hutakuta pa kukanyaga. Upande wa Kenya, hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zipo tangu 1968, na Watamu ina faida kubwa kwa familia yenye vijana: maji yakikataa, karibu kuna magofu ya Gede, mikoko ya Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke. Malindi yenyewe, baada ya mvua kubwa, bahari hugeuka rangi ya tope la mto Sabaki, na hilo nalo halimo kwenye picha za matangazo.

Nimetaja hayo ya nchi kavu kwa sababu. Mtu mzima anaweza kufurahia pwani kwa kukaa tu. Kijana wa miaka 15 hawezi, na si utovu wa adabu. Mwili wake unadai kazi. Ukimwacha saa sita bila shughuli mbele ya bahari iliyokupwa, ataitafuta shughuli mwenyewe, na ataitafutia palepale penye hatari. Ndiyo maana mahali pazuri kwa familia ya namna hii ni pale penye la kufanya nyakati zote mbili, maji yakiwepo na yasipokuwepo: baiskeli ya kukodi, mpira ufukweni na vijana wa kijiji, kutembea msitu wa Jozani, Unguja, kuwaona kima punju, au siku nzima ya kuzunguka Mji Mkongwe. Na matembezi ya kwenda mwambani nayo ni mazuri mno, mradi mwende na mwenyeji, miguuni mna viatu, na mgeuke kurudi kabla maji hayajageuka.

La vyombo vya bahari linahitaji maneno makali zaidi. Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, meli ya MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam ilizama karibu na Chumbe, bahari ikiwa imechafuka, na watu wengi wakafa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa. Zisome kabla ya kuondoka nyumbani, na ukiona tahadhari, ahirisha hata kama tiketi imeshalipwa. Kwa mashua ndogo za matembezi, jaketi la kuokolea maisha liwe la kila mtu, limkae mtoto vizuri, na livaliwe kabla chombo hakijasukumwa majini. Nahodha akisema leo haendi, mshukuru. Mwenzake akijitokeza kusema yeye ataenda, msipande chombo chake.

Basi, mzazi, kaa na vijana wako mezani kabla hujamtumia mtu yeyote fedha. Waulize kila mmoja anataka kufanya nini na mwili wake, maana huenda majibu matatu yakakupeleka ufuko usioufikiria. Kisha mpe mkubwa wao kazi ya kutafuta jedwali la maji kujaa na kupwa la tarehe mnazozitaka, aandike kwa mkono saa za kila siku. Kijana aliyeyaandika maji mwenyewe hatayadharau akifika. Ndipo upige simu unakotaka kwenda, uulize mambo manne: siku hizo maji yatakuwa wapi asubuhi, upepo gani utakuwa unavuma na unapiga upande gani, tukiwa hatuwezi kuogelea kuna nini cha kufanya umbali wa kutembea, na nani mwenyeji atakayetutembeza baharini. Usiishie kwa anayekuuzia chumba. Omba uzungumze na mvuvi, au mtu wa hapo kijijini anayeyajua maji. Ukipata majibu manne yaliyonyooka, lipa. Usipoyapata, weka fedha yako mfukoni na uendelee kuuliza, kwa kuwa ufuko unaowafaa watoto wako upo, na yuko mtu anayeujua.