Mwenye Alama za Wastani Apige Hodi Chuo Kikuu?

Kila mwaka Baraza la Mitihani litangazapo matokeo ya Kidato cha Sita, nyumba zetu hugawanyika makundi matatu. Wenye watoto waliopata Daraja la Kwanza hushangilia, na majirani husikia. Wenye watoto walioshindwa huhuzunika, na majirani huja kuwapa pole. Kati ya hao lipo kundi kubwa lisiloshangilia wala kupewa pole. Ni wazazi wa kijana aliyepata Daraja la Tatu, ambaye ameketi uani akingoja kuambiwa kama yeye amefaulu au ameshindwa. Kwa ajili ya hao twaandika leo.

Swali lenyewe twaliweka wazi. Chuo kikuu cha serikali huendeshwa kwa kodi ya wote, hata ya mkulima wa mpunga ambaye hatakanyaga humo maisha yake yote. Nafasi zake zina idadi. Je, ni haki kijana wa alama za wastani aitafute nafasi humo, au ni kujipenyeza mahali pa mwenzake?

Tutazame kwanza sheria. Tume ya Vyuo Vikuu yataka, kwa jumla, ufaulu wa masomo mawili ya Kidato cha Sita yenye pointi 4, A ikihesabiwa 5 na E ikihesabiwa 1. Basi mwenye D mbili amefika kizingitini. Kizingiti si sebule, maana kozi nyingi hudai zaidi, na penye waombaji wengi huchukuliwa wa juu; walakini mtu aliyefika kizingitini kwa miguu yake hakuruka ukuta. Asiyefika anayo njia ndefu, nayo ni halali: asome stashahada, na akipata GPA isiyopungua 3.0 aweza kuomba shahada. Tena kipo Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, chenye masomo ya msingi kwa ajili ya watu wa namna hiyo.

Lakini sheria peke yake haimalizi jambo la haki. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipoandika juu ya dhambi ya upendeleo, alitoa mfano wa shule. Anayempa mtu kazi ya kufundisha kwa sababu elimu yake yatosha, huyo ametenda haki. Anayempa kwa sababu tu ni Petro au ni Martino, huyo amependelea. Basi la kuuliza juu ya kijana wetu si kama amewashinda wote. Tuulize kama alicho nacho chatosha kwa kazi anayoiomba, na hapo ndipo tumwite shahidi wetu, yaani alama.

Alama ni shahidi mkweli, ila hakuona mengi. Hujua yale ambayo mtoto aliweza kuyaandika kwa Kiingereza katika siku chache za mtihani. Hajui ya kwamba mtoto huyo alisoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha siku moja akaingia Kidato cha Kwanza akakuta biolojia, jiografia na historia vyote vimegeuka lugha. Hajui ya kwamba katika shule nyingi za kata, zilizoongezeka upesi baada ya mpango wa sekondari ulioanza mwaka 2004, mtoto aliweza kumaliza fizikia pasipo kugusa kifaa hata kimoja cha maabara. C ya mtoto huyo na C ya mtoto wa shule yenye maktaba, jenereta na mwalimu kwa kila somo huandikwa kwa wino mmoja. Hatusemi ya kwanza iongezwe iwe B. Yule aliyekosa hesabu amezikosa, na daraja litakalojengwa na mhandisi asiyejua hesabu litaanguka hata kama tulimhurumia. Twasema tu ya kwamba shahidi asiulizwe asiyoyaona.

Wasomaji wetu hawajasahau yaliyotokea Dodoma mwaka 2016. Serikali ilikuwa imeanzisha katika Chuo Kikuu cha Dodoma stashahada maalumu ya ualimu, ili vijana waliomaliza Kidato cha Nne waandaliwe kufundisha sayansi na hisabati, maana walimu wa masomo hayo walikuwa haba mno. Mwezi wa Mei wahadhiri wakaacha kuwafundisha kwa sababu ya madai ya malipo, na vijana zaidi ya 7,000 wakaamriwa kuondoka chuoni kwa muda wa saa 24. Kisha neno “kilaza” likatamkwa juu yao hadharani, tena na wakubwa. Baadaye walichambuliwa: wengi wakapelekwa vyuo vya ualimu, baadhi wakarudishwa Dodoma, wengine wakaonekana hawana sifa.

Hatusemi waliokasirika hawakuwa na hoja. Asiye na sifa kabisa akipewa kiti, yuko mwingine mwenye sifa aliyekikosa, na huyo wa pili hana msemaji. Lakini kijana hakujipokea mwenyewe. Programu ilitangazwa, akaomba, akaitwa, akafunga sanduku lake. Kama kosa lilikuwapo, lilikuwa la mwenye ufunguo. Na ni udhaifu wa utu kumfungulia mtu mlango kisha kumcheka kwa kuwa ameingia. Mtoto akiitwa kilaza na mwalimu huumia mwaka mzima. Akiitwa hivyo mbele ya taifa, ataumia kwa muda gani?

Sasa twaja nyumbani, maana huko nako twapaswa kusema. Wako wazazi wanaoona ni heri mtoto akae bure kuliko kuonekana anasoma stashahada ilhali mtoto wa jirani yuko Mlimani. Aibu hiyo yazaa mabaya. Mwaka 2017 serikali ilitangaza watumishi wa umma zaidi ya 9,900 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Watu hao hawakuzaliwa wezi. Huenda wengi wao walikuwa vijana wa alama za wastani, au chini ya hapo, ambao hawakuambiwa na yeyote ya kwamba njia ndefu ni njia ya heshima. Anayenunua cheti huchukua kwa hila nafasi ambayo pengine angeipata kwa haki miaka minne baadaye.

Na shule zetu? Zipo, na za Kanisa zimo, ambazo mtoto asiyefikia wastani wa shule huondolewa kabla ya mtihani wa taifa, ili jina la shule lisishuke katika orodha. Ada ya miaka mitatu imekwisha kupokelewa. Shule inayowabakiza wepesi peke yao haiwezi kujisifu kwa kufaulisha, kama vile hospitali inayowarudisha nyumbani wagonjwa mahututi haiwezi kujisifu kwa uchache wa maziko. Twalisema hili tukijua ya kwamba baadhi ya wakuu wa shule hizo ni wasomaji wetu na rafiki zetu.

Basi mzazi mwenye kijana uani asiuze shamba kwa haraka ili kununua nafasi ya kozi yoyote ipatikanayo. Na aketi naye jioni moja, amwulize ataka kufanya kazi gani, kisha wasome pamoja mwongozo wa Tume, mstari kwa mstari, waone ni kozi zipi zamkubali kwa alama alizo nazo na zipi zamtaka apite kwanza stashahada. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani kadhaa, jambo ambalo wazazi wengi vijijini bado hawana habari nalo. Maombi hayo yana tarehe ya mwisho, na haingoji aibu ya mtu iishe.