Kiwanda cha Baba na Fungu la Maskini

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema. Sala na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ndugu zetu Waislamu wa Kibarani, Kilifi, Takaungu na Malindi! Wako miongoni mwetu watu waliojaaliwa viwanda vidogo vya nyumba zao: huyu akamua mafuta ya nazi, yule asokota kamba za usumba, mwengine achonga milango, na mwengine akata mawe ya kujengea. Baba ndiye mkubwa wa kazi, na wanawe ndio mafundi na makarani. Watu hawa hutuuliza: "Mtu akitoa zaka yake kila mwaka, je, amekwisha kutimiza haki ya kiwanda chake?" Twajibu: La, hajatimiza. Na sababu zake ni hizi.

Kwanza yatupasa tujue kuwa kazi ya mikono ina heshima kubwa katika dini yetu. Nabii Daud alikuwa mfalme, na pamoja na ufalme wake alifundishwa na Mola wake kufua deraya za chuma na kupima pete zake sawasawa. Mtume wetu (S.A.W.) ametupa habari kuwa Daud alikuwa akila kwa jasho la mkono wake. Basi asidhani mtu kuwa karakana ni mahali pa dunia tupu, na kuwa dini imebaki msikitini.

Sasa tutazame kisa cha wenye shamba kilichomo katika Sura ya Nun, ambayo huitwa pia Al-Qalam. Wafasiri wametueleza kuwa baba yao alikuwa mtu mwema, na kila mavuno akiwatolea maskini fungu lao. Alipokufa, wanawe wakaona fungu lile ni hasara. Wakaapa kuvuna alfajiri, wasiseme "Mungu akipenda", wakatoka wakinong'onezana asiingie maskini hata mmoja siku ile. Walipofika wakalikuta shamba limekwisha kuteketea usiku, wao wamelala.

Enyi ndugu, tuzingatie kosa lao. Hawakuiba wala hawakunyang'anya. Shamba lilikuwa lao kwa urithi wa halali. Kosa lao ni kuwa walirithi mali ya baba yao, wakaacha nia yake. Tena mmoja wao, aliyekuwa mwadilifu kuliko wote, alikuwa amewaonya. Hakusikizwa, naye alfajiri akatoka nao vivyo hivyo! Ni wangapi katika nyumba zetu walio kama huyu, wajuao haki wakaisema mara moja kwa sauti ndogo, kisha wakafuatana na ndugu zao?

Basi kiwanda kina watu watatu wenye haki ndani yake, mbali na mwenyewe.

Wa kwanza ni mfanyakazi. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tumlipe kabla jasho lake halijakauka. Nasi twawaona watu wampao fundi nusu ya ujira, wakamwambia, "Ngoja Ijumaa," na Ijumaa ikifika wakaleta busati jipya msikitini! Busati lile limefumwa kwa njaa ya watoto wa fundi. Na sisi wa darasa tuna kosa letu pia, kwani hupokea busati tukaomba dua, tusiulize. Wala asiseme mtu, "Huyu ni kijana wa ndugu yangu, hana haja ya mshahara." Ujamaa haufuti ujira.

Wa pili ni jirani, pamoja na ardhi na maji yaliyomzunguka. Mwenyezi Mungu amekataza kufanya uharibifu katika ardhi baada ya kutengenezwa kwake, na ni kanuni mashuhuri ya sharia kuwa haifai mtu kudhuru wala kulipiza dhara kwa dhara. Tusidhani maneno haya ni ya vitabuni tu. Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, palikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi. Sumu ya risasi ikaingia katika damu za watoto wa mtaa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Wakazi wakaenda mahakamani, na mwaka 2020 wakahukumiwa kulipwa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi ikavutana katika rufani mpaka Desemba 2024, ndipo Mahakama ya Upeo ilipoithibitisha haki yao. Lakini ni fedha gani itakayomrudishia mtoto akili yake?

Na ajabu ni kuwa hapa hapa pwani twaona pia mfano wa kutengeneza. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kilichoanza kazi mwaka 1954, kilichimba mawe mpaka pakabaki jangwa jeupe. Mwaka 1971 bwana mmoja, Rene Haller, akaanza kupanda miti katika machimbo yale. Alijaribu aina 26, zikashika tatu tu, mvinje ikiwa mmojawapo. Majani ya mvinje yakawa hayaozi, hata wakaletwa majongoo wakayala, na udongo ukapatikana. Leo pana msitu. Ikiwa jongoo ametumwa kazi ya kuihuisha ardhi akaitimiza, sisi tulio makhalifa katika ardhi tuna udhuru gani? Mkata mawe wa Kibarani hana mali ya Bamburi, lakini shimo lake ni dogo pia. Na alifukie, apande mkilifi au mnazi. Mwenye kukamua mafuta asimwage taka zake penye kisima cha watu.

Wa tatu ni wale wasiozaliwa bado. Mji wetu wa Kilifi ulikuwa na kiwanda kikubwa cha korosho, kilichojengwa katika miaka ya 1970, nacho kikafungwa katika miaka ya 1990. Wakulima wakabaki na mikorosho yao na vijana wakakosa kazi. Kiwanda kikifa hafi mwenyewe peke yake. Na viwanda vya nyumba zetu hufa siku gani? Hufa siku ya matanga. Baba akizikwa, hupikwa biriani ya hitima kwa mamia ya watu, na mafundi wake wana ujira wa miezi miwili haujalipwa. Kisha mashine huuzwa ili kila mtu achukue chake. Ilhali Mwenyezi Mungu ameweka mirathi baada ya wasia na deni, na ujira wa mfanyakazi ni deni! Mfundi alipwe kwanza. Hitima si fardhi, na deni ni fardhi.

Dawa ya jambo hili ni baba kulitengeneza yu hai. Aandike nani ni mshirika, na nani ni mfanyakazi. Aandike madeni yake. Awakalishe wanawe, wa kiume na wa kike, awaambie fungu la maskini ni lipi, na lisingoje faida ibaki. Akitaka, aweke sehemu ya mali yake waqfu, au ausie isiyozidi thuluthi, kwa sharti zake. Hivyo watoto watarithi mali pamoja na nia.

Ndugu zetu, wenye shamba walipoona adhabu walilaumiana, kisha wakakiri dhulma yao, wakarejea kwa Mola wao wakitaraji awape lililo bora. Mlango huo u wazi kwetu, nasi shamba letu halijateketea bado. Basi aliye na fundi anayemdai na amlipe leo, kabla ya magharibi. Na aliye mwadilifu katika ndugu zake, asiseme kwa sauti ndogo kisha akatoka nao.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atutakasie chumo letu, na awajaalie watoto wetu wawe warithi wa wema wetu kabla ya kuwa warithi wa mali zetu. Amin.